Fountain kwa Skripti Fupi za Mchezo wa Redio: Inafaa, Ukijua Inapoteleza

Michezo mifupi ya redio na podikasti kwa Kiswahili huandikwa mara nyingi kwa moja ya njia tatu. Kuna jedwali la Word, jina kushoto na maneno kulia, ambalo huvurugika likifunguliwa kwenye simu ya mwigizaji. Kuna programu za filamu za kulipia kwa dola. Na kuna ujumbe mrefu wa WhatsApp, ambao usiku wa kuamkia kurekodi lazima mtu akeshe akiupanga upya. Fountain ni njia ya nne. Haina gharama, na kwa skripti ya dakika 5 hadi 15 naiweka mbele ya hizo zote. Kasoro inazo, na moja ni kubwa kwa watu wa studio, tutaifikia.

Kwanza ieleweke kwamba Fountain si programu ya kupakua. Ni kanuni za uandishi. Unaandika maandishi matupu, popote pale, kwa kufuata alama chache, na programu yoyote inayoijua Fountain inatambua lipi ni jina la mhusika, ipi ni kauli yake, na onyesho linaanzia wapi. Ilitolewa mwaka 2012 na watu wa filamu wa Marekani, wakiwemo mwandishi John August na mwongozaji Stu Maschwitz. Waliitengeneza kwa ajili ya filamu, tena za Kiingereza. Karibu kila mahali inapomkwamisha mwandishi wa redio wa Kiswahili, chanzo ni hicho.

Skripti ya dakika 10 ina uzito wa kilobaiti 8 hivi. Unaweza kuianza kwenye daladala kwa simu, ukaimalizia kwenye kompyuta ya ofisini, na hakuna kitakachopotea njiani. Kama unawatumia watu wa simu, faili liishie na .txt. Kiishio cha .fountain ni halali pia, ila simu nyingi hazijui zilifungue kwa kutumia nini, na mwigizaji atakujibu kwamba faili ni bovu.

Hivi ndivyo ukurasa unavyoonekana kabla haujapitishwa kwenye programu yoyote:

Title: Ufunguo wa Ghala
Draft date: Rasimu ya 2

.NDANI. DUKA LA JUMLA - JIONI, MVUA

!SAUTI: MVUA KUBWA JUU YA BATI. MLANGO WA CHUMA UNAFUNGULIWA, UNAFUNGWA. MVUA INASHUKA.

MWANAIDI
(anahema)
Shikamoo, baba mdogo.

SALEHE
Marahaba. Mbona umelowa hivyo, Mwanaidi?

MWANAIDI
Ufunguo wa ghala haupo. Msumari mtupu.

!SAUTI: JIWE LA MIZANI LINAANGUKA SAKAFUNI. KIMYA, SEKUNDE 3.

SALEHE
(kwa sauti ya chini)
Nani mwingine anajua?

[[Jiwe la kilo 2, lidondoshwe juu ya saruji, si juu ya zulia.]]

Hata mtu asiyejua lolote kuhusu Fountain anausoma ukurasa huu na kuuelewa. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza: programu zikigoma zote, bado una skripti mkononi.

Jina la mhusika ni mstari wa herufi kubwa tupu, juu yake pana mstari mtupu, na chini yake kauli inafuata papo hapo. Maelekezo ya namna ya kusema yanakaa kwenye mabano, mstari wake wenyewe. Mahali sauti inapotokea panaandikwa kwenye mabano pembeni ya jina: SALEHE (KWENYE SIMU), SALEHE (NYUMA YA MLANGO), SALEHE (MBALI). Kwa redio hiki ni kitu kizuri sana, kwa sababu programu bado inamhesabu kama Salehe yule yule, na fundi sauti anaona kwa jicho moja ni kauli zipi atazichuja zisikike za simu. Mabano mraba mawili ni maelezo ya ndani, ambayo unaweza kuamua yasichapishwe. Weka humo mlio utapatikana wapi na kwa kitu gani. Ulichokikata lakini bado hujakubali kukifuta, kizungushie /* mwanzoni na */ mwishoni. Kinabaki kwenye faili ila hakitokei kwenye karatasi. Mistari ya wimbo, iwe kasida au kibwagizo, ianze na alama ya ~.

Maneno ya jalada, yaani Title, Author na Draft date, yabaki kwa Kiingereza. Ukiandika "Mwandishi:" programu nyingi hazitaliweka jina hilo kwenye jalada.

Tuseme neno kuhusu mistari mitatu ya kwanza ya mazungumzo, maana hapo ndipo skripti nyingi fupi hupoteza nusu dakika. Msikilizaji haoni. "Shikamoo, baba mdogo" na "Marahaba" zimemaliza kazi ya kueleza nani mkubwa, nani mdogo na wana undugu gani, bila mtu kujitambulisha. Jina la Mwanaidi limetajwa kwenye kauli ya pili, kabla msikilizaji hajaanza kujiuliza. Jina la Salehe halijatajwa bado, na lisipotajwa kabla ya mhusika wa tatu kuingia, msikilizaji atapotea. Lingine ni kiambishi cha a-. Mwanaidi akisema "ameondoka nao", hakuna ajuaye kama aliyeondoka ni mwanamume au mwanamke. Kwa mchezo wa fumbo hiyo ni zawadi ya bure ambayo Waingereza hawana. Kwa mchezo mwingine wowote, taja jina au taja cheo cha ukoo.

Turudi kwenye Fountain na mitego yake.

Mtego wa kwanza ni kichwa cha onyesho. Fountain inatambua vichwa vinavyoanza na INT, EXT, EST na I/E pekee, vifupisho vya filamu za Kiingereza (INT ni ndani, EXT ni nje). NDANI na NJE haivijui. Itavichukulia kama maelezo ya kawaida, na onyesho halitahesabiwa. Dawa ni nukta moja mwanzoni mwa mstari, kama kwenye mfano. Usiogope kauli zinazoanza na nukta tatu za kusita: kanuni zinasema nukta lazima iwe moja. Na ukishaweka nukta, uko huru kuandika kinachomfaa fundi wa redio kuliko saa na taa: "CHUMBA KIDOGO, MAPAZIA MAZITO" au "UKUMBI MTUPU". Fundi akisoma hivyo anajua mwangwi gani wa kuweka.

Mtego wa pili ndio unaowakamata wengi. Watu wa redio tumezoea kuandika milio kwa herufi kubwa. Fountain nayo inaamini kwamba mstari wa herufi kubwa unaofuatwa na mstari wenye maneno, bila nafasi katikati, ni jina la mtu. Kwa hiyo ukiandika SAUTI: MVUA KUBWA, ukashuka mstari mmoja tu na kuendelea na maelezo, PDF itakutolea mhusika mpya anayeitwa "Sauti: Mvua Kubwa", na maelezo yako yatakuwa ndiyo maneno anayoyasema. Kwenye orodha ya wahusika naye atakuwemo. Mstari mtupu chini ya mlio unatosha kuzuia, lakini mistari mitupu hupotea kila maandishi yanaponakiliwa kutoka kwenye simu. Salama zaidi ni kuzoea alama ya mshangao mwanzoni mwa kila mlio. Inaiambia programu: huyu si mtu.

Wa tatu unachekesha, mpaka ukupate. Kwa kanuni za Fountain, mstari wa herufi kubwa unaoishia na TO: na kuzungukwa na mistari mitupu ni agizo la kubadili picha, kama ilivyo desturi ya filamu za Kiingereza. Sasa hebu hesabu maneno ya Kiswahili yanayoishia na -to. MTOTO: ni agizo. SAUTI YA MTO: ni agizo. UMATI SOKONI, VILIO VYA WATOTO: ni agizo, na lote linahamishiwa pambizo ya kulia. Baadhi ya programu hudai pawe na nafasi kabla ya TO, hizo zinakuokoa. Nyingine hazidai. Usimalizie mlio kwa nukta mbili. Malizia kwa nukta, au weka ile alama ya mshangao na ulale.

Mitego ya simu ni midogo lakini inachosha. Ndani ya kauli moja, ukitaka kuruka mstari bila kauli kukatika, Fountain inataka nafasi mbili kwenye mstari huo mtupu. Kibodi nyingi za simu hugeuza nafasi mbili kuwa nukta. Zima kipengele hicho kwenye mipangilio ya kibodi, au acha kabisa kuruka mistari ndani ya kauli. Kauli inayohitaji aya mbili kwenye mchezo wa dakika 10 huenda ni ndefu mno. Nyota nazo zina maana tofauti: kwenye WhatsApp nyota moja kila upande hukoleza maandishi, kwenye Fountain huyalaza, na ya kukoleza ni nyota mbili. Halafu kuna kile kikoma cha juu cha ng'. Simu moja hukiandika kikiwa kimepinda, nyingine kikiwa kimenyooka. Mhusika NG'ANG'A aliyeandikwa na watu wawili kwa simu mbili atatokea kwenye orodha kama watu wawili, na ukitafuta jina lake kwenye faili utapata nusu ya kauli zake. Kabla ya kutoa PDF, badilisha vyote viwe vya aina moja kwa amri ya kutafuta na kubadilisha.

Ipo pia alama ya ^ ya kuwapanga watu wawili wanaosema kwa wakati mmoja, maneno yao yakikaa sambamba kwenye safu mbili. Kwa redio iache. Mwigizaji anayesoma safu hupoteza zamu yake, na sauti mbili zilizopandana kwenye maikrofoni moja hazitenganishiki tena kwenye uhariri. Andika (anamkata) na uache kauli ya kwanza iishie katikati ya neno.

Ili upate PDF unahitaji programu, na zipo za bure. Kwenye kompyuta ya Windows au Linux, weka Visual Studio Code, kihariri cha maandishi, fungua sehemu ya viongezi kwa Ctrl+Shift+X, tafuta Better Fountain, isakinishe. Faili lako liishie na .fountain, vinginevyo Better Fountain haitaamka. Inakuonyesha ukurasa ulivyo wakati unaandika, inakamilisha majina ya wahusika na inatoa PDF. Kasoro yake ni kwamba Visual Studio Code yenyewe ni mzigo kwa kompyuta ya zamani. Hapo tumia afterwriting, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Maandishi yako hubaki kwenye mashine yako. Wenye Mac wana Beat, ya bure pia. Kwa kompyuta dhaifu ipo Trelby, nyepesi, inayoweza kuingiza faili la Fountain, ila yenyewe huhifadhi kwa aina yake ya faili, na hapo faida ya maandishi matupu inapungua.

Ukifika kwenye PDF, kuna mipangilio mitatu ya kugusa kabla ya kuchapa. Karatasi iwe A4, kwa maana baadhi ya programu huanza na ukubwa wa Kimarekani na printa hukata au hubana. Pili, programu huongeza zenyewe maneno MORE na CONT'D kauli inapovuka ukurasa au mtu anapoendelea baada ya mlio. Kwenye afterwriting na Better Fountain yanaweza kubadilishwa yakawa INAENDELEA na ANAENDELEA. Tatu, na hii ni muhimu zaidi, zima ugawaji wa kauli kati ya kurasa mbili. Kwenye filamu haina shida. Kwenye redio mwigizaji atageuza karatasi katikati ya sentensi na maikrofoni itaunasa mchakacho wote. Kauli nzima ihamie ukurasa unaofuata, hata kama utaacha nafasi tupu chini. Chapa upande mmoja tu, usibane kwa pini, na kila mtu asogeze ukurasa uliokwisha pembeni taratibu badala ya kuugeuza.

Hapa Fountain inapoteza alama kwangu: sura ya ukurasa. PDF inatoka kwa mtindo wa filamu, herufi za Courier ukubwa wa 12, mazungumzo yamebanwa katikati kwenye safu nyembamba. Kiingereza kina maneno mafupi na kinaenea vizuri humo. Kiswahili hakienei. Neno kama "hawatatuambia" likikosa nafasi linashuka zima, mstari wa juu unabaki na pengo, na skripti ya dakika 10 inakuwa na kurasa nyingi kuliko inavyostahili. Kurasa nyingi ni michakacho mingi.

Hilo linatuleta kwenye muda. Ile kanuni ya watu wa filamu, ukurasa mmoja kwa dakika moja, isahau. Makadirio ya muda yanayotolewa na programu nayo yasikudanganye. Yanapima urefu wa maandishi, wakati "KIMYA, SEKUNDE 3" ni maneno matatu mafupi yanayokula sekunde tatu kamili, na "MUZIKI" ni neno moja linaloweza kula kumi na tano. Idadi ya maneno iliyonakiliwa kutoka kwenye miongozo ya Kiingereza nayo haifai, kwani neno letu moja linabeba mtenda, wakati na mtendwa. Kipimo cha kuanzia kwa mazungumzo ya Kiswahili ni maneno 100 hadi 110 kwa dakika, pumzi zikiwemo. Kwa mchezo wa dakika 10 wenye dakika moja na nusu ya milio na muziki, lenga maneno 850 hadi 930 ya kauli. Kisha soma kwa sauti, umesimama, ukiwa na saa ya simu, na ukae kimya muda halisi wa kila mlio. Ukizidi kwa sekunde 40 usiwaambie waigizaji waharakishe. Kata kauli, mara nyingi ya kukatwa ni ile inayoeleza mlio ambao msikilizaji ameshausikia.

Kasoro kubwa niliyoahidi ni hii: Fountain haina namba za mistari. Inaweza kuweka namba za maonyesho, basi. Skripti ya redio inahitaji namba pembeni ili mwongozaji aseme kwenye kipaza cha studio "turudie kutoka ukurasa wa 4, mstari wa 12", na watu watano waweke kidole mahali pamoja. Bila namba atasema "pale Salehe anapouliza", na Salehe anauliza mara tisa.

Njia ya kuzunguka ipo, na inatibu pia ule ubanaji wa safu. Acha PDF kwa ajili ya kusoma mezani. Kwa ajili ya studio, nakili maandishi yenyewe uyabandike kwenye LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure. Weka ukubwa wa herufi 14, nafasi ya mistari 1.5. Futa alama za mshangao na ile nukta ya mwanzo wa onyesho, pamoja na kila kilicho kwenye mabano mraba au kati ya /* na */. Fungua menyu ya Tools, kisha Line Numbering, weka tiki kwenye Show numbering. Hatua ya namba badilisha iwe 1, kwa kuwa yenyewe huanza na 5. Ondoa tiki kwenye Blank lines ili mistari mitupu isihesabiwe, na weka tiki kwenye Restart every new page ili kila ukurasa uanze na 1. Pitia mwisho wa kila ukurasa kwa macho; penye kauli iliyokatika, weka kishale mwanzoni mwa jina la mhusika na ubonyeze Ctrl+Enter. Kwa kurasa nane au tisa hii ni kazi ya dakika 15.

Ubaya ni kwamba sasa una matoleo mawili. Rekebisho likifanyika studioni linaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi yenye namba, na lisiporudishwa kwenye faili la Fountain jioni ile ile, sehemu inayofuata itaandikwa juu ya rasimu ya zamani. Apangwe mtu mmoja wa kurudisha marekebisho, naye aongeze namba kwenye mstari wa Draft date kila anapofanya hivyo.

Kwa mfululizo wa sehemu nyingi wenye waandishi wanne au watano, kazi hiyo ya mkono inachosha na huenda programu ya kulipia inayowaruhusu wote kuandika mahali pamoja ikalipa gharama yake. Celtx ya zamani, programu ya skripti ya kusakinisha, ilikuwa na kiolezo cha mchezo wa sauti. Sasa Celtx ni huduma ya mtandaoni kwa malipo ya kila kipindi, nayo inategemea intaneti. Kwa mwandishi mmoja mwenye simu, mchezo wa dakika 10 na printa ya kukodi stesheneri, Fountain haina mpinzani.